Nusu ya Mgongo wa Bobini

4 Februari

Mama, shikamoo.

Natumaini mguu wa mama mkubwa unaendelea kupona na wewe, muuguzi wake, hujamgombeza sana kwa kuteleza kwenye ngazi. Huku wote wazima. Meneja anajaribu kukaa. Anakaa kama gunia lililojazwa nusu, halafu anaanguka upande na heshima zake zote. Ana miezi saba na bado hajaniruhusu kulala saa tatu mfululizo. Cheo hicho baba yake ndiye aliyempa. Anasema mtu anayeita watu wote kwa kelele, wakifika amesahau alichowaitia, huyo ni meneja.

Umeniambia tuandikiane kwa sababu kwenye simu naitikia tu "ndiyo mama" huku naosha chupa za maziwa. Haya, naandika. Mtoto amelala begani kwangu, ndiyo maana mistari inapanda mlima.

Bobini naye mzima. Anakula. Najua ulivyosisitiza kwamba paka wa miaka kumi na tatu mwenye nyonga zilizokaza lazima akandwe kila asubuhi kama ulivyokuwa ukimkanda wewe, basi nafuata ile karatasi uliyonichorea na kuibandika ndani ya mlango wa kabati.

Nauliza tu, siyo kwamba kuna kitu: paka akiwa hapendi kubonyezwa, mtu hufanyaje? Na anaweza kukaa chini ya kabati siku ngapi bila kudhurika? Nauliza tu.

Msalimie mama mkubwa.

Binti yako,
Mama Meneja


11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimekuzaa mimi. "Nauliza tu" yako ya kwanza ulikuwa na miaka sita, uliuliza kama mkasi ukianguka chooni huwa unaelea. Nikakuta mkasi wangu wa kukatia suti umeshafika kusikojulikana.

Bobini ana nini? Umemfanya nini? Yuko chini ya kabati tangu lini? Andika kila kitu, kuanzia mwanzo, wala usinipambie.

Mpaka nikujibu, usimbonyeze popote. Mpeleke kwa daktari wa wanyama kwanza. Mtu habonyezi kiumbe kinachoumwa bila kujua kinaumwa nini.

Mbusu Meneja. Mwambie bibi yake anasema akae wima, huo mgongo ni wa ukoo wetu.

Mama yako


16 Februari

Mama, shikamoo.

Sikupambii.

Ulipoondoka nilianza siku ileile. Nilimweka Bobini mapajani, nikafungua mlango wa kabati ili nione karatasi, nikafuata vitone vyako. Umechora mgongo, umechora ule mstari mrefu wa ukingoni, na vitone vimepangwa kwenye huo mstari toka shingoni mpaka mkiani. Nikabonyeza kwa dole gumba, kitone kwa kitone, juu ya mstari. Siku ya kwanza alinitazama tu, kama mteja aliyepewa suruali ya mtu mwingine. Siku ya pili alikunja masikio. Siku ya tatu nikaona labda sibonyezi vya kutosha, nikaongeza. Akaning'ata mkono kati ya kidole gumba na cha shahada, meno manne, nimeyahesabu. Akaingia chini ya kabati. Siku mbili hakutoka hata kwa chakula. Alipotoka, miguu ya nyuma ilikuwa inaburuzika.

Nimempeleka kwa daktari. Amempapasa, amempiga picha, akasema hakuna kilichovunjika wala kuteguka. Ni baridi yabisi ya nyonga na mgongo wa chini, alikuwa nayo siku nyingi, ila kukanda kwako ndiko kulikokuwa kunamsimamisha. Sasa amejikaza kwa woga na kila kitu kimefunga. Ametoa dawa ya maumivu. Halafu akaniambia, "Mwisho wa Machi umlete. Akiwa bado hawezi kusimama mwenyewe na kwenda kwenye mchanga wake, itabidi tumpumzishe." Alisema hilo neno polepole kama mtu anayetandika shuka.

Nimelia kwenye baiskeli, yeye kwenye kikapu cha mbele, Meneja mgongoni. Watu watatu na mimi ndiye mwenye miguu mizima pekee, na ndiye niliyekuwa nalia.

Fundi bomba wa mlango wa pili aliponiona narudi akauliza, "Shemeji, kweli unamkanda paka? Mimi mgongo wangu nani ataukanda?" Nikamwambia aje, ila huyu wa kabla yake ameishia hospitali.

Mama, najua unachofikiri. Mikono mizito. Nilikuwa na miaka kumi na minne uliponiambia maneno hayo mbele ya wateja wawili. Nilikuwa nimevunja sindano ya nne wiki ile, ukanishika bega, ukasema, "Inuka. Una mikono mizito, hii kazi haikutaki." Nikainuka. Wiki hiyohiyo ukamleta Bobini, kadogo kama bobini ya uzi kweli, ukamkalisha kwenye kiti changu pembeni ya cherehani yako. Kakalia kiti hicho miaka kumi na mitatu. Na sasa mikono ileile imemwondoa.

Niambie nifanye nini. Nitafanya. Simpeleki mwisho wa Machi akiwa hivi.

Binti yako

Halafu: mbona mwandiko wako umelala upande, kama nguo iliyoponyoka kwenye kamba?


23 Februari

Mwanangu,

Nimesoma barua yako mara tatu kutafuta ulipokosea. Mara ya tatu nimemkuta mkosaji na ni mimi.

Karatasi ile ni nusu!

Nimekichora kile kimchoro kama ninavyochora mkato wa koti. Fundi hachori koti zima. Anakunja kitambaa mara mbili, anachora upande mmoja, ukingo wa karatasi unakaa kwenye kunjo. Ukifungua, pande mbili zinatoka sawa. Ule mstari mrefu wa ukingoni ndio kunjo, ndio uti wa mgongo. Na kwenye kunjo fundi hapitishi mkasi wala sindano. Vitone vinatakiwa viwe pembeni yake, upana wa kidole, upande huu na upande ule. Nilipokuwa navichora nilivisogeza karibu na ukingo kwa sababu karatasi ilikuwa finyu. Nilimchorea fundi, nikasahau nampa binti ambaye nilimwinua kitini kabla hajafundishwa kunjo.

Kwa hiyo ulikuwa unambonyeza mfupa mtupu, kwa dole gumba, na wala hukumbonyeza pembeni. Mimi pia ningekung'ata.

Sasa sikiliza, na kila nitakachosema ukifuate hivihivi.

Siku mbili za kwanza usimguse. Kaa sakafuni karibu naye na Meneja, fanya shughuli zako, kunja nepi. Akikusogelea, vizuri. Asipokusogelea, kunja nepi nyingine.

Siku ya tatu, osha mikono kwa maji ya moto ipate joto. Asiwe ametoka kula. Mkono mmoja uweke begani kwake, utulie hapo mwanzo mpaka mwisho. Huo ni mkono wa kukaa. Huo unamwambia uko wapi. Mkono wa pili ndio wa kwenda. Anza kwa kupangusa tu, shingoni kushuka, kama unalaza manyoya ya kitambaa cha mahameli.

Kisha vidole viwili, siyo dole gumba, pembeni ya uti, pande zote mbili. Bonyeza hivi: unakumbuka nilivyokuwa nikipapasa pindo la nguo kabla mteja hajaichukua, kutafuta pini iliyosahaulika? Ukibonyeza kidogo mno hutaisikia. Ukizidisha itakuchoma. Kuna uzito katikati, kidole kinakaribia pini na kusimama. Uzito huo. Hesabu mpaka kumi, achia taratibu, shuka upana wa kidole. Shingoni nyuma ya fuvu, mbavu za mwisho, kiunoni, penye shina la mkia. Kisha kile kibonde nyuma ya goti, pande zote, kwa kidole kimoja. Malizia masikioni, toka shina kwenda ncha. Dakika tano, zisizidi saba. Penye uvimbe au joto usiguse kabisa.

Mkia ukianza kupiga, ngozi ya mgongo ikicheza, masikio yakilala, acha. Usimalizie mstari. Acha hapohapo. Fundi mzuri anajulikana kwa kujua pa kufumua.

Kuhusu mwandiko, meza ya dada ina mguu mfupi.

Mama yako


3 Machi

Mama, shikamoo.

Nimebandua karatasi, nimeikunja kwenye mstari, nimetoboa vitone kwa sindano, nikaifungua. Paka mzima! Nimekaa sakafuni nikacheka peke yangu mpaka Meneja naye akacheka, maana yeye hupenda kuonekana ameelewa.

Siku mbili nilikunja nepi. Nimezikunja zote, nikazikunjua, nikazikunja tena. Siku ya pili mchana Bobini alijiburuza akaja akalaza kidevu juu ya nepi safi. Sikumgusa. Mama, hujui ilivyoniwia vigumu.

Siku ya tatu niliosha mikono mpaka ikawa myekundu. Nikaweka mkono wa kukaa. Akaushtukia, akaganda. Nikakaa tu. Nikasikia moyo wake unavyokimbia chini ya kiganja, tiki tiki tiki, kama cherehani yako ukiwa na harusi ya Jumamosi. Sikusogeza kitu mpaka ukapunguza mwendo. Tukaishia hapo. Dakika tano nzima, mkono begani.

Siku ya nne nikaanza vidole viwili. Mwanzoni sikujua uzito wenyewe. Nikaenda kwenye kasha lako, nikachukua pini, nikaificha ndani ya pindo la pazia, nikafumba macho nikaitafuta. Nimejichoma mara kumi na moja. Baba Meneja alirudi toka kazini akanikuta nimefumba macho napapasa pazia, akaweka mfuko chini akaniuliza taratibu kama niko salama. Nikamwambia niko darasani.

Mara ya kumi na mbili nikaisikia kabla haijanichoma.

Kesho yake nikamwekea Bobini uzito huohuo. Nilipofika kiunoni, kidole kikakuta kifundo kigumu kama punje ya dengu. Nikasimama juu yake, nikahesabu. Kwenye saba kikalainika. Mama, nilikihisi kikilainika! Kama fundo la uzi linalokubali. Na Bobini akatoa pumzi ndefu, akaanza kunguruma. Ule mngurumo wake wenye mkwaruzo, nilikuwa sijausikia tangu uondoke.

Jana amesimama. Sekunde nne, akakaa. Nimemwambia kila mtu ngazini. Fundi bomba amesema wakwe zake hawajawahi kutangaziwa kwa shangwe hivyo hata alipooa.

Daktari ana msaidizi, dada mmoja mpole. Nilipokwenda kuchukua dawa akaniomba nimwonyeshe ninavyofanya. Nimemwonyesha kwenye begi la Meneja. Alitazama mikono yangu, mama. Hakutazama begi.

Niandikie unaonaje.

Binti yako


10 Machi

Mwanangu,

Nimesoma. Sawa. Dakika saba zisizidi. Ukikosea, fumua, anza upya.

Salamu kwa wote.

Mama


14 Machi

Mama,

Shikamoo.

Mistari miwili. Nilikuandikia kurasa tatu huku mtoto kaning'inia kwenye titi, nikapata mistari miwili na salamu.

Nilikasirika. Niliosha vyombo vyote nikavunja kikombe kimoja, na hicho kikombe ni mikono mizito, nakubali. Nikajisemea, haya, huyu ni fundi, hawezi kukusifia hata ukimfufulia paka. Siku zote umekuwa hivyo. Mshono ukinyooka huneni, ukipinda unasikika mtaa wa pili.

Halafu jana nimezitoa barua zako zote tatu nizipange kwa tarehe. Baba Meneja akapita nyuma yangu na kikombe cha chai, akainama, akasema, "Mama yako naye ni mashoto? Mbona hukuniambia, tungekaa upande mmoja wa meza."

Unamjua mkwe wako anavyoandika. Mkono wake wa kushoto unafuata kalamu nyuma na kuburuza wino kabla haujakauka, kila mstari una wingu lake. Barua zake za uchumba zote zilikuwa na mawingu. Nikazitazama zako. Mawingu matupu.

Mguu wa meza hauchafui wino, mama. Na wewe hukuwahi kuwa mashoto. Umeshika mkasi kwa mkono wa kulia miaka thelathini, mpaka kidole kina kovu la duara.

Mkono wako wa kulia uko wapi?

Usinipambie.

Binti yako


20 Machi

Mwanangu,

Mguu wa dada haujawahi kuteguka. Kanikasirikia sana kwamba nimemfanya kilema kwenye barua zote, anasema majirani wakizisoma watamletea magongo.

Ilikuwa Jumatatu, Januari. Nilikuwa namalizia koti la mwalimu mkuu. Nikapapasa pindo kama kawaida, sikukuta pini, nikamkunjia. Nikaona tone jekundu kwenye bitana. Kisha la pili. Pini ilikuwa imeingia kidoleni kwangu nusu nzima na mimi sikuhisi. Nikaichomoa, nikaiingiza tena kwa makusudi. Sikuhisi. Baadaye mchana kikombe kikaniponyoka, kisha nusu ya maneno. Wewe nilikwambia jino linauma, nikachora ile karatasi ya Bobini kwa mkono wa kushoto ukiwa umelala, kesho yake nikaondoka.

Madaktari wamesema ni kiharusi chepesi, nina bahati. Maneno yamerudi, kama unavyoona. Mguu haukuguswa. Mkono wa kulia ndio umebaki. Unatetemeka, hauhisi, vidole vitatu vimejikunja kama vinaficha kitu. Nilikuja kwa dada kwa sababu hapa hospitali ni karibu, na kwa sababu wewe una mtoto ambaye hajakupa usingizi. Ningekuwa wa pili kukulilia.

Hiyo ndiyo sababu niliyojiambia. Ya kweli ni kwamba sikutaka unione. Fundi asiyehisi pini ni nani? Simu niliikataa ili usisikie maneno yanavyokwama. Nikasahau kwamba barua nayo ina sauti.

Ile barua ya mkato niliiandika siku tatu. Ya mistari miwili niliiandika siku moja, na siku hiyo mkono wa kushoto nao ulichoka, na nilikuwa nimelia. Hukufanya kosa. Nilisoma vile ulivyohisi punje ya dengu ikilainika kwa kidole, nikatazama vidole vyangu. Niliona wivu, mwanangu. Andika hivyo mahali, kwamba mama yako alikuonea wivu.

Mtaalamu wa viungo hapa ananifinyisha mpira. Dada ananikanda. Anakanda kama anasugua sufuria iliyoungua.

Kuhusu mikono mizito: nilisema kweli. Siwezi kurudi nyuma nikakudanganya leo ili ufurahi. Ulikuwa nayo mizito, ulikuwa unagombana na kitambaa. Nilikosea kuyasema mbele ya wateja. Hapo nimekosa, nafumua.

Kuhusu kiti: wasichana watatu waliniomba wakikalie, wajifunze. Wote nikawaambia kina mtu. Mmoja akasema, "Mbona naona paka?" Nikamwambia huyo anakishikilia tu.

Usije. Una mtoto mdogo na paka mgonjwa. Mwisho wa Machi uko karibu, shughulika na hilo.

Mama yako


31 Machi

Mama, shikamoo.

Barua yako niliisoma jikoni nimesimama, nikakaa, nikasimama. Nitajibu, lakini kwanza nikupe habari kwa mpangilio, maana najua unaisubiri.

Jana tulikwenda. Bobini kwenye kikapu, Meneja mgongoni, mimi nimevaa lile gauni la kijani ulilonishonea, kwa sababu nilisema kama ni siku mbaya basi niwe nimevaa kitu kilichonyooka. Daktari akamweka paka juu ya meza ya chuma. Bobini akalala chini, akajibana. Daktari akanitazama, nikaona anaanza kutandika ile shuka yake. Nikamwambia, "Samahani, daktari. Meza ni ya baridi na mikono yako pia. Mngoje."

Sijui ujasiri niliutoa wapi. Nikavua kanga ya kiunoni, nikaitandika, nikapasha mikono yangu kwapani, nikaweka mkono wa kukaa begani kwake. Chumba kizima kikasubiri. Msaidizi akasimama mlangoni, na nyuma yake mzee mwenye kasuku. Nikapitisha vidole pembeni ya kunjo, pande zote mbili, mara moja tu. Nikaondoa mkono wa kwenda. Nikaondoa wa kukaa.

Bobini akainuka. Akajinyoosha mbele, akajinyoosha nyuma, mguu mmoja, kisha wa pili, akatembea meza yote mpaka mwisho, akamnusa daktari kidole, akageuka akarudi kwangu. Mguu wa kushoto bado anauchelewesha kidogo. Lakini alitembea kama mwenye nyumba.

Daktari akauliza, "Nani amemkanda huyu?"

Nikasema, "Mimi. Nimefundishwa na mama. Ni fundi."

"Fundi wa nini?"

"Wa koti, daktari."

Akampapasa kiuno muda mrefu. Akasema dawa tupunguze, kukanda tuendelee, na tukutane baada ya miezi mitatu. Lile neno lake hakulitaja. Na yule msaidizi ameniomba niwe nafika pale Alhamisi moja moja, niwaonyeshe wenye paka wazee namna ya kuwakanda nyumbani bila kuwaumiza. Nimekubali. Nimesema nitakuja na mtoto na nitakuja na karatasi, na karatasi nitachora paka mzima.

Sasa jibu langu.

Umesema nisije. Nimesikia. Nakuja Ijumaa. Sikuulizi, nakuarifu. Meneja nakuja naye, anyonye, akulilie, utazoea. Baba yake amejifunza kumkanda Bobini. Anatumia kushoto kuwa mkono wa kwenda na Bobini hana malalamiko. Mke wa fundi bomba atawaletea chakula.

Mwambie mama mkubwa aache kusugua sufuria. Apashe maji.

Binti yako


22 Aprili

Mwanangu,

Nyumba imekuwa kimya mno tangu mwondoke. Dada amekuta kijiko cha Meneja kwenye kiatu chake, amekiacha humohumo, anasema ni kumbukumbu.

Sikukwambia kitu ulipokuwa hapa. Unanijua. Ukiwa mbele yangu maneno hukwama, na hilo halikuanza na kiharusi.

Siku ya kwanza nilikutazama ukiweka mkono wako wa kushoto begani kwangu na kuuacha pale. Hukubonyeza kitu. Dada akasema, "Ndiyo kukanda huko?" Ukamwambia, "Mama mkubwa, subiri." Nilijua unasikiliza moyo wangu ukikimbia mpaka uchoke. Nilikuwa na aibu. Siku ya nne uliponibonyeza katikati ya kiganja, nilikuwa natazama dirishani nikimkatalia mtaalamu wa viungo akilini mwangu, ghafla nikasikia kitu. Kidogo, mbali, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Nikakutazama, na wewe ulikuwa umeshajua kabla yangu. Ulihesabu mpaka kumi, ukaachia taratibu, ukashuka upana wa kidole.

Nimewafundisha watu ushonaji miaka thelathini. Wengi walikuwa na haraka, wengine werevu kuliko mimi. Sijapata aliyejifungia na pazia akajichoma mara kumi na moja kutafuta uzito mmoja.

Sasa nasema, na niko timamu, na dada ni shahidi: mikono yako si mizito. Nimeipima mwenyewe, na siyo kwa macho.

Unakumbuka nguo ikipita mikononi mwangu bila kasoro niliweka nini ndani ya pindo, mahali mteja haoni? Mishono mitatu ya uzi wa bluu. Ni nguo chache zilizoupata. Gauni lako la kijani linao, tazama pindo la nyuma.

Barua hii siitii sahihi. Tazama chini ya ukurasa. Dada ametunga uzi kwenye sindano, lakini kushona nimeshona mimi, na ni kwa mkono wa kulia. Imenichukua asubuhi nzima. Mshono wa kwanza nilijichoma.

Mwanangu, niliuhisi.


29 Aprili

Mama, shikamoo.

Barua imefika leo. Bobini yuko kitini pembeni ya cherehani yako. Amepanda mwenyewe, kwa kupitia kigoda, halafu akajilamba kama mtu ambaye hajafanya jambo lolote. Nimemwambia akae kwa muda tu, kiti kina mtu, na Alhamisi mtu huyo ana darasa, ila siku nyingine zote yupo.

Nimelitazama gauni la kijani. Nimelivaa miaka minne bila kujua nimebeba nini.

Kisha nimefumba macho nikapapasa chini ya ukurasa wako, kwa vidole viwili, kwa ule uzito. Hakuna pini. Mishono mitatu, wa kwanza mrefu, wa pili umekwenda kando, wa tatu umerudi njiani.

Imepinda, mama. Yote mitatu.

Siifumui.

Binti yako